Je, mkubwa alazimishwe kuhudhuria sherehe ya mdogo wake?

Mzazi msomaji, huenda jambo hili limekukuta. Umemwandalia mtoto wako mdogo sherehe ya kuzaliwa, keki imeagizwa, watoto wa majirani wamealikwa, na asubuhi ya siku yenyewe yule mkubwa anakwambia kwamba yeye hataki kuwapo. Mwingine hasemi lolote bali hushika tumbo na kugeukia ukutani. Mwingine hutoka kwenda kucheza mpira, asionekane hadi magharibi. Hapo mama hukasirika, baba humwita mtoto mwenye kijicho, na siku iliyokusudiwa kuwa ya furaha huanza kwa makaripio na machozi.

Swali letu wiki hii ni hilo. Je, mtoto mkubwa ni lazima ahudhurie sherehe ya mdogo wake? Na akikataa, tumfanyeje?

Jibu langu nitalitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze wakati. Naam, mkubwa anafaa awepo. Lakini awepo kama mwana wa nyumba, si kama mtumishi wa shughuli. Na akiwa amekwisha balehe, apewe ruhusa ya kuondoka mapema bila ya kuulizwa maswali mbele ya wageni. Kinachomuumiza mtoto mkubwa aghalabu si keki ya mwenzake. Kinachomuumiza ni kulazimishwa kuwapo, kisha asionekane.

Nyumba ya Mkwiro

Ili tuelewane, natuchukue nyumba moja ya mfano. Nitaiweka Mkwiro, kijiji cha wavuvi kilicho upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni katika kaunti ya Kwale. Nimepachagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, kijiji ni kidogo, gari hakuna, na nyumba zinaonana. Mtoto wa Mombasa au Nairobi asiyependa sherehe ya nyumbani kwao hukimbilia kwa rafiki mtaa wa pili na uchungu wake usijulikane. Mkwiro hana pa kwenda. Kila amwonaye ameketi peke yake pwani atamwuliza mbona hayuko kwenye sherehe ya mdogo wake.

Sababu ya pili ni kwamba huko mtoto mkubwa ni mlezi hasa. Maji yanapotoka wakati wa bamvua, mama yumo katika shamba lake la mwani akifunga kamba. Baba yuko baharini. Aliyebaki na mdogo ni dada mtu, na wakati mwingine yeye mwenyewe ni mtoto wa miaka 8 au 9. Nyumba hii nimeitunga, lakini msomaji wa Likoni au wa Eastleigh atawatambua watu wake.

Watoto ni watatu. Kifungua mimba ni msichana aliyezaliwa mapema mwaka 2011. Anayemfuata ni mvulana wa miaka 9. Kitinda mimba naye ni mvulana, na wiki hii anatimiza miaka 5. Keki imenunuliwa Ukunda, ikapakatwa ndani ya matatu hadi Shimoni, kisha ikavushwa kwa mashua, na kila aliyekuwa chomboni ameuliza ni ya nani. Maputo yamefungwa mlangoni. Mahamri, viazi vya karai na sharubati viko tayari. Msichana ameamka alfajiri kupika. Wageni watakapofika yeye atakuwa jikoni, na watakapoondoka yeye ndiye atakayeosha sahani. Katika picha zote zitakazopigwa siku hiyo, hamtamwona.

Sasa tazama jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami. Kwa nini mdogo ana sherehe na dada yake hajapata kufanyiwa hata moja? Baba atasema pesa. Ni kweli, mkubwa huzaliwa wakati wazazi wangali wachanga na hawana kitu. Lakini ziko nyumba nyingi ambapo sababu ni nyepesi zaidi: mdogo ana tarehe, mkubwa hana. Tangu Juni 2013, serikali ya Kenya ilipoondoa ada za kujifungua katika vituo vyake vya afya, akina mama wengi zaidi wamejifungulia hospitalini. Kitinda mimba wetu alizaliwa Msambweni, na siku, saa na uzito wake vimeandikwa katika kitabu cha kliniki. Dada yake alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga. Cheti chake kilitafutwa baadaye kwa ajili ya shule, na tarehe iliyomo ni ya kukisia. Hakuna nyumbani anayeiamini tarehe ile, wala yeye mwenyewe haiamini. Nitarudi kwa jambo hili.

Isitoshe, sherehe za namna hii ni ngeni kwetu. Hapa siingii katika mabishano ya dini juu ya kufaa au kutofaa kwake, kwani kila nyumba ina wa kumwuliza. Nasema tu kwamba sherehe za mtoto tulizozizoea Pwani zilikuwa na umbo jingine. Akika hufanywa siku ya saba. Arobaini ni ya mama kama ilivyo ya mtoto. Jandoni wavulana waliingia wengi pamoja, na mara nyingi ndugu wawili waliopishana miaka walitahiriwa siku moja. Kuhitimu chuoni ni kwa aliyesoma, na kila ndugu ana zamu yake. Hakukuwa na siku inayorudi kila mwaka ambapo mtoto mmoja wa nyumba anawekwa kitini, anaimbiwa, anapewa zawadi, na nduguze wamesimama wakimtazama. Tumeichukua sherehe hiyo bila ya kuchukua utaratibu wa kuwaweka wale wengine. Ndiyo maana wazazi hubabaika.

Mtoto aliyeondolewa kitini

Wivu wa mtoto kwa mdogo wake si tabia mbaya wala si ugonjwa. Ni hofu ya kupoteza nafasi, na hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto waliovimba miguu na kubanduka ngozi. Ugonjwa huo aliutaja kwa jina alilolisikia kwa watu wa kabila la Ga, nasi leo twauita kwashakoo. Jina lenyewe lilikuwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa titini kwa sababu mwenziwe anakuja. Huku Pwani nako wazee walijua kwamba mtoto huharibika wakati huo. Walisema amebemendwa, na Wamijikenda walitaja chirwa, wakilaumu mwenendo wa wazazi. Leo twajua kuwa kwashakoo ni ugonjwa wa lishe, na mwenye dalili zake apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Lakini watu wa Ga waliona vyema: aliye hatarini mdogo anapoingia ni yule aliyekuwapo.

Mtoto wa miaka 3 huonyesha hofu hiyo waziwazi. Hurudia kukojoa kitandani, hutaka kubebwa, humfinya mdogo pasipo watu. Wa miaka 9 amekwisha jifunza kuwa wivu ni aibu, kwa hivyo huuficha. Wa miaka 14 huuita jina jingine. Husema sherehe ni ya kitoto, ana kazi za shule, kichwa kinamwuma. Wakati mwingine asemayo ni kweli kabisa! Kijana aliyebalehe huona haya kuimba kati ya watoto wa chekechea, na hiyo ni sehemu ya kukua kwake. Mzazi asitafute wivu pasipo na wivu.

Je, tunaweza kufanya nini? Watafiti wawili wa Uingereza, Judy Dunn na Carol Kendrick, walizifuata familia 40 za Cambridge ambazo mtoto wa pili alikuwa anazaliwa, wakaandika matokeo yao katika kitabu mwaka 1982. Waliona kwamba pale mama alipozungumza na mkubwa juu ya kile kitoto kichanga kama juu ya mtu, akimwuliza pengine analia kwa nini, pengine anataka nini, ndugu hao walipatana zaidi miezi mingi baadaye. Jambo lenyewe halihitaji pesa. Ni mazungumzo tu, na mkubwa anaulizwa rai yake.

Nasi tuna ushahidi wa karibu zaidi. Miaka ya 1950, watafiti walipolinganisha watoto wa jamii sita za dunia, moja ilikuwa ya Wakisii, katika kijiji walichokiita Nyansongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975 na Beatrice na John Whiting. Watoto waliokabidhiwa wadogo zao kuwalea walikuwa wepesi wa kusaidia na kuonea wenzao huruma. Mwaka 1973 Carol Ember naye aliandika juu ya wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana. Wavulana hao walikuwa na upole kuliko wenzao. Kwa hivyo ule mtindo wa Mkwiro, wa dada kukaa na mdogo huku mama yuko kwenye mwani, haumdhuru mtoto ikiwa mzigo si mzito kumzidi na shule haiachwi. Tena humjenga. Namwambia hivi msomaji wa mjini kwa sababu wako wazazi siku hizi wanaodhani kumpa mkubwa kazi yoyote ya mdogo ni kumdhulumu.

Kinachoharibu ni kitu kingine. Msichana wetu amemlea yule mtoto miaka mitano. Ndiye anayejua kwamba hapendi puto likipasuka na kwamba halali bila ya kanga ya mama. Siku ya sherehe wanaitwa wote waje kumshangilia, naye anaambiwa, "Wewe nenda kaosha vikombe." Miaka yake mitano ya ulezi haikutajwa. Angekuwa mtu mzima angesusa, nasi tungemwona ana haki.

Basi mama, kabla ya siku yenyewe, keti naye. Mwambie, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyemlea huyu. Wataka tufanyeje siku yake?" Mpe kazi yenye heshima ambayo ataonekana akiifanya: kupokea wageni, kuongoza michezo, kumshika mdogo mkono wakati wa kukata keki. Vyombo vioshwe na watu wazima, au na wote pamoja wageni wakishaondoka. Akishakula na kupiga picha, kama anataka kwenda kwa wenzake, mwache aende. Saa moja inatosha. Huyo amehudhuria.

Mvulana wa miaka 9 ni kazi nyingine. Huyo ana uwezekano mkubwa wa kuuzima mshumaa kabla ya mwenyewe (sijui kwa nini, lakini kila sherehe ana wake). Usimpige wala usimtoe nje. Mshumaa huwashwa tena. Mweke karibu nawe, mpe kisu cha kugawia keki uliyokwisha ikata, na umwite kwa jina lake mara mbili tatu mbele za watu. Wala usimnunulie zawadi ya kumnyamazisha. Najua wengi hufanya hivyo na maduka hulipenda jambo hilo, lakini mtoto hujifunza kwamba huzuni yake ina bei, na mwaka ujao bei itapanda.

Kosa jingine linalotendwa kwa nia njema ni kumwondoa. Wazazi wakiona mkubwa amenuna siku mbili, humpeleka kwa nyanya yake hadi sherehe ipite. Kwa upande wa kelele, nyumba itatulia. Lakini kile alichokiogopa mtoto, yaani kwamba nyumba inaweza kukamilika bila ya yeye, umemthibitishia.

Hili lina uzito zaidi kwa mtoto ambaye hakai kwenu. Pwani yetu ina ndugu wengi wa baba mmoja mama mbalimbali, au wa mama mmoja aliyeolewa tena, na yule wa kwanza akabaki kwa nyanya. Je, aitwe? Aitwe, tena aitwe na baba au mama yake mwenyewe kwa kinywa chake, si kwa salamu za kupitia jirani. Afike mapema kabla ya wageni, alale hapo usiku ule ikiwezekana, na asiulizwe na mtu "wewe ni nani wa hapa?" Akikataa, usimlazimishe. Mwekee kipande chake, umpelekee mwenyewe. Na wewe uliye mke wa baba, ukimkuta mtoto huyo amesimama mlangoni siku hiyo, maneno yako ya kwanza ataishi nayo muda mrefu kuliko keki.

Tumbo la asubuhi

Sasa turudi kwa mvulana wetu aliyeshika tumbo. Wazazi wengi husema anajifanya. Mara nyingi hajifanyi. Hofu na huzuni hukaza misuli ya matumbo, na maumivu anayoyasikia mtoto ni maumivu ya kweli. Mwaka 1958 madaktari John Apley na Nora Naish wa Bristol walichapisha uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule, wakaona kuwa karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo ya kurudiarudia, na wengi wao hawakupatikana na ugonjwa wowote wa kiungo. Apley alifundisha pia kanuni moja ambayo madaktari wa watoto bado huikumbuka: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo ugonjwa wa mwili unavyozidi kushukiwa.

Mwulize mtoto aonyeshe kwa kidole kimoja. Akionyesha kitovuni, hana homa, hatapiki, amekunywa chai yake, na maumivu yameanza alipoyaona maputo, basi kaa naye kitandani dakika kumi. Usimwambie "huumwi." Mwambie, "Najua linauma, na najua leo si siku rahisi kwako." Lakini maumivu yakiwa upande wa kulia chini, yakimwamsha usiku, au yakiandamana na homa, kutapika, damu katika choo au kukonda, hiyo si habari ya wivu. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, sherehe au si sherehe. Tukumbuke pia kwamba Kwale ina minyoo, na penye mito na mabwawa ya bara kuna kichocho. Mtoto mwenye tumbo la kila mara apimwe choo na mkojo kabla ya kuambiwa ana kijicho.

Yako maradhi yanayomzuia mkubwa asihudhurie hata akitaka. Sherehe ya mtoto mdogo huleta vitoto vichanga vilivyobebwa, na Kenya chanjo ya kwanza ya surua hutolewa kwa miezi 9. Walio chini ya umri huo hawana kinga hiyo. Mwanafunzi aliyerudi na homa, kikohozi na macho mekundu akae mbali nao hadi aonwe na daktari. Mwenye tetekuwanga abaki ndani mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magaga. Aliyeharisha asishike chakula cha wageni hadi zipite saa 48 tangu alipopona. Mtoto anayefungiwa kwa ajili ya ugonjwa aelezwe hivyo, na mdogo apelekwe dirishani amwonyeshe keki. Asije akadhani ameadhibiwa.

Tarehe ya mkubwa

Nilisema nitarudi kwa msichana asiye na tarehe. Wasomaji wengine watasema hilo ni jambo dogo. Mimi naliona ndilo kubwa katika habari yote hii, kwani mtoto hawezi kushangilia siku ya mwenzake kwa moyo mweupe ikiwa yeye hana siku.

Tarehe hiyo inaweza kutafutwa. Wazee wa Mkwiro hawakuandika, lakini hawakusahau. Nyanya atakwambia, "Huyu alizaliwa mwezi wa Mfunguo Sita, siku ya tatu baada ya Maulidi, kaskazi ikivuma, na bahari ilikuwa ya bamvua." Mzazi wa mjini husikia maneno hayo akayaona ni hadithi. Hebu tuyapige hesabu. Mwaka 2011 Maulidi yaliangukia tarehe 15 au 16 Februari, kulingana na mwandamo wa mwezi. Siku tatu mbele ni tarehe 18 au 19. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 18, na mwezi ukiwa mpevu maji huwa ya bamvua. Februari ni msimu wa kaskazi. Nyanya hakukosea hata neno moja.

Ukitaka kufanya hesabu hiyo kwa mtoto wako, kumbuka kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hivyo Mfunguo Sita wa leo hauangukii pale ulipoangukia mwaka ule. Tafuta kalenda ya mwaka aliozaliwa, si ya mwaka huu. Mwulize mkunga kama yu hai, na majirani waliojifungua mwezi uleule. Na cheti cha shule usikiguse, hayo ni mambo ya ofisi.

Fanyeni kazi hiyo na mtoto mwenyewe akiwa ameketi hapo anasikiliza, afadhali wiki moja au mbili kabla ya sherehe ya mdogo. Atasikia habari za usiku aliozaliwa, nani alikwenda kumwita mkunga, baba yake alikuwa wapi, nani alimpa jina. Tarehe 18 Februari ikifika, si lazima iwe keki ya kutoka Ukunda. Msichana wetu huenda asitake watoto wala maputo. Mwulize. Pengine atataka siku hiyo asipike, na samaki wake akaangiwe na mama, na yule kitinda mimba ndiye amletee sahani.